Mgeni Siku ya Tatu: Urafiki Wetu wa Ukubwani, Matemwe



Sisi ni wanawake 11 wa Matemwe. Mdogo wetu ana miaka 46, na mkubwa wetu ameshapita 70 na bado akienda baharini anatutangulia. Wanne tumefiwa na waume, wawili tumeachika, mmoja ana mwenza, na waliobaki tunao waume wetu, Alhamdulillah, pamoja na magoti yanayouma. Watoto wameshaoa na kuolewa. Wengine wako Mjini, wengine Dar es Salaam, mmoja yuko Muscat na hupiga simu kila Ijumaa.

Mtu akifika umri huu, nyumba yake huingia kimya ambacho hakuna aliyetutayarisha nacho. Somo alitufunda kupika, kujifukiza udi, kumstahi mume na kumvumilia mama mkwe. Hakutwambia kwamba ipo siku utapika sufuria ndogo ya wali na nusu yake itabaki. Hakutwambia kuwa utaamka alfajiri, usali, uvute uradi wako, kisha ukae ukingoni mwa kitanda usijue nani anakuhitaji leo.

Ndiyo maana tunaandika habari za urafiki. Si urafiki wa usichana wa kutunzana siri na kuazimana mikufu, bali urafiki wa ukubwani, wa watu waliokubaliana kufanya jambo la kheri pamoja, hata kama wengine wako ng'ambo ya bahari na hawajui lugha yetu.

Kikundi na mwani

Kikundi chetu kilianza na mwani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kisha kikaenea pwani mpaka huku kwetu. Wengi wa wakulima tangu hapo ni wanawake. Ni kazi ya kupiga vijiti mchangani, kufunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, na kubeba viroba vizito vinavyochuruza maji ya chumvi mgongoni. Bei ni ndogo, na bahari ikipata joto mwani hufa. Lakini ndizo zilizokuwa pesa zetu wenyewe za kwanza, na kwazo tulianza kuweka hisa kila wiki katika kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu.

Miaka michache kabla ya korona ulikuja ujumbe kupitia mwalimu mmoja wa skuli. Klabu ya wanawake ya Uholanzi, watu wazima kama sisi, wengi wao wastaafu, walitaka kufanya urafiki na kikundi cha wanawake wa kijijini. Jina la klabu hatutaji, maana mengine tutakayoyasema ni ya kusitiriana. Waliuliza: "Mtafurahi mkipata vyerehani?" Sisi tukajibu: "Tutafurahi sana."

Hapo ndipo tulipokosea sote, wao na sisi.

Mzanzibari ukimuuliza kama atakula, atakwambia ameshiba, hata kama hajatia kitu mdomoni tangu jana. Na ukimuuliza kama atafurahi kupewa zawadi, ataseamaje? Ukweli ni kuwa fundi cherehani kati yetu ni mmoja tu. Jambo lililokuwa likitukosesha usingizi lilikuwa jengine kabisa, nalo ni gari la usiku. Mama mjamzito akishikwa na uchungu saa nane za usiku huku kwetu, kutoka hapa mpaka hospitali ya Kivunge ni safari, na kumpata mwenye gari, kumuamsha, na kumuonesha pesa taslimu kabla hajawasha, ni safari nyengine. Hilo hatukulisema. Tuliona haya. Mgeni ameshachagua zawadi yake, nani amwambie aibadilishe?

Siku waliyokuja

Walikuja Jumanne, saa nne asubuhi kama walivyopanga. Walikuta skuli tupu, viti vimepangwa, soda ziko ndani ya ndoo ya barafu, na hakuna mtu. Ilikuwa bamvua. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana kwetu, na saa nne asubuhi ndiyo yanapokauka. Siku kama hizo mkulima wa mwani hakai kitini kusikiliza hotuba. Wao walitazama saa zao, sisi tulikuwa tukitazama mwezi.

Tuliwakuta baada ya adhuhuri, tumeloa mpaka kifuani, wao wamechoka kwa joto. Vyerehani vinne vikafunuliwa. Picha zikapigwa. Mmoja wao alikuwa ameshatupiga picha tulipokuwa tukitoka majini, kanga zimetuganda mwilini. Mwenzetu mmoja alijifunika uso na hakusema kitu, ila usiku ule alilia kwa hofu kuwa mwili wake utaonekana na watu asiowajua.

Walipoondoka tukaagana kwa vicheko. Mwezi mmoja baadaye mkaza mwana wa mwenzetu alishikwa na uchungu usiku. Alikuwa na miaka 19, hata mwaka wa harusi yake haujatimia, hina ya harusi tulikuwa tumempaka sisi wenyewe. Mwenye gari wa kwanza alikuwa Mjini. Wa pili alitaka pesa ambazo nyumbani hazikuwepo, na mwenye ufunguo wa tatu wa kisanduku chetu alikuwa amelala kwa mwanawe Mkwajuni. Mpaka tulipopata gari, alfajiri ilikuwa ikiadhiniwa. Mama alipona. Mtoto hakuishi. Alikuwa mwanamme.

Tulirudi nyumbani, tukakaa matanga yetu madogo ya wanawake. Mle chumbani, pembeni, kilikuwapo cherehani kimoja bado kimefungwa nailoni. Hakuna aliyekitazama.

Siku ya tatu

Baada ya mwaka mmoja mgeni mmoja alirudi, peke yake. Alipanda gari ya 118 kutoka Darajani kama sisi, amebanwa kati ya magunia na watoto wa skuli, akashuka kwetu na kuuliza njia. Alikuwa bibi wa miaka 66. Akasema amekuja kutusalimia na kuona vyerehani vinaendeleaje.

Kimya kikatanda. Viwili vilikuwa vimeliwa na chumvi, kimoja kimeuzwa, kimoja kinafanya kazi kwa yule fundi wetu. Mwenzetu aliyewahi kufanya kazi hotelini ndiye aliyekuwa mkalimani, naye akaanza kutafuta maneno ya kupamba. Mkubwa wetu akamkata. "Mwambie kweli. Mwambie tulimdanganya."

Akaambiwa yote: vyerehani, picha, bamvua, gari, mtoto.

Yule bibi alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kwa nini hatukusema tangu mwanzo. Mkubwa wetu akamjibu: "Kwa sababu ulikuwa mgeni. Sisi tunasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo umerudi. Kesho twende baharini."

Na kweli alikwenda. Tulimvisha kanga juu ya suruali yake, tukampa fungu la taitai. Alifunga mbegu polepole kama mtoto anayejifunza kufunga viatu. Akakanyaga mnyama wa miba, tukampaka utomvu wa papai, akacheka na sisi tukacheka. Walipokwisha kukauka miguu, yeye naye akatwambia yake. Mumewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Kwao hakuna eda. Baada ya mazishi kila mtu alirudi kwake siku ile ile, na akabaki na nyumba yenye ngazi na vyumba visivyo na mtu. Wenzake wa klabu ndio waliopeana zamu ya kulala kwake kwa wiki sita.

Wajane wanne kati yetu walilijua hilo bila ya mkalimani. Eda yetu ya miezi minne na siku kumi watu huiona kama kifungo. Sisi tulioikaa tunajua kuwa ndani yake hukosi mtu wa kukuletea chai na wa kukaa nawe kimya. Wale wanawake wa klabu, bila ya kujua, walikuwa wamemfanyia mwenzao kitu kinachofanana nayo.

Si jambo geni

Kuna wanaodhani klabu za namna hii ni mambo ya Kizungu yaliyoletwa juzi. Hebu tazameni nyuma. Bibi zetu wa mwambao, Unguja na Mombasa, walikuwa na vyama vyao vya lelemama, vyenye vyeo na viongozi wa kike, vikishindana kwa sare na ngoma. Lakini mbali na ngoma, wanachama walichangiana harusi na misiba. Na mpaka leo, wanawake wa kijiji wanaoweka pesa kidogo kidogo kwa ajili ya kuzikana, hiyo si klabu ya huduma?

Na wa huko nao walianza kwa unyonge. Tulipenda tuliposoma kisa cha Inner Wheel, ambayo sasa iko katika nchi zaidi ya 100. Mwezi Novemba 1923, katika mji wa Manchester, Uingereza, wanawake 27 walioitwa na Bi Margarette Golding, aliyewahi kuwa muuguzi, walikutana ndani ya hamamu ya Kituruki. Mkutano wao rasmi wa kwanza ulikuwa Januari 10, 1924, na siku hiyo wanaiadhimisha mpaka leo. Malengo waliyojiwekea ni matatu: urafiki wa kweli, huduma kwa watu, na kufahamiana baina ya mataifa. Tulicheka tuliposikia hamamu, maana anayetoka Matemwe kwenda Mjini anaweza kupita pale Hamamni, kwenye bafu alilojenga Sayyid Barghash, asifikirie kuwa bafuni panaweza kuzaliwa jambo la dunia nzima. Kabla yao kidogo, mwaka 1921, wenzao wa Oakland huko Marekani walikuwa wameanzisha Soroptimist, nao wakachukua njia hiyo hiyo ya kusaidia wanawake na wasichana.

Karibu zaidi na nyumbani, gari ya Matemwe hupita Kinyasini. Pale kuna chuo cha Barefoot College, ambacho asili yake ni kijiji cha Tilonia, India, kilikoanzishwa mwaka 1972. Wanawake wa vijijini, wengi wao watu wazima na wengine wameshaitwa bibi, huchaguliwa na vijiji vyao wakasomea kwa miezi kadhaa kuunda na kutengeneza taa za umeme wa jua. Kule India wamesoma pamoja wanawake wa nchi mbalimbali wasiojua lugha moja, wakielewana kwa rangi za waya na ishara za mikono. Kwa hiyo anayetwambia kuwa mwanamke akishapata wajukuu kazi yake ni kukaa barazani, tunamuonesha njia ya Kinyasini.

Jee, inafaa kwa Muislamu?

Tuliulizwa hilo, na waume zetu walituuliza, na tulijiuliza wenyewe. Tukaenda kwa mwalimu wetu wa darsa. Alitukumbusha kuwa Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat anatwambia ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Akatukumbusha pia Hilful-Fudhul, mapatano yaliyofungwa Makka katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, kabla ya Utume, ya kumsimamia aliyedhulumiwa. Bwana Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliyashuhudia akiwa kijana, na baadaye akasema kuwa lau angeitwa katika mfano wake ndani ya Uislamu, angeitika. Akamtaja na Bibi Rufaida, aliyewauguza majeruhi katika hema lake Madina.

"Kheri haina utaifa," alisema mwalimu, "lakini muwe na masharti."

Tukaweka masharti, tukayatuma Uholanzi, na wao wakaweka yao. Yetu yalikuwa haya: hapigwi mtu picha bila ya kuulizwa, na picha ya mtu aliyeloa haipigwi kabisa. Hakuna kukabidhiana pesa mbele ya watu. Mikutano inafuata bahari, si saa. Hatuingii kwenye karamu zenye ulevi, na wao hawatatuona wabaya kwa hilo. Wao waliomba kitu kimoja tu: tusiwaambie "ndiyo" kama jibu letu ni "hapana". Hilo ndilo lililotushinda zaidi, na bado tunajifunza.

Sanduku la usiku

Hapo ndipo lilipozaliwa sanduku la usiku. Sisi ni 11, na wao wakachagua watu 11. Sisi tunatoa shilingi 500 kila Ijumaa, wao wanatoa bei ya kikombe kimoja cha kahawa kwa wiki. Tulikataa watoe zaidi mpaka sisi tuwe tumeshatoa. Anayetoa kidogo akatoa kila wiki ana sauti sawa na anayetoa kingi.

Pesa hazikai tena chini ya kufuli tatu. Zimo kwenye simu, na watu watatu wanaziona. Kuna daftari ambamo kila mjamzito anayetaka huandikwa jina na mwezi wake. Kuna madereva wawili waliokubali nauli moja, usiku na mchana, nao hulipwa baada ya safari bila ya kumuuliza mwenye mgonjwa. Sheha anajua. Wawili kati yetu huwa zamu ya kumsindikiza, mmoja wa kushika mkono na mmoja wa kushika mkoba.

Haliendi sawa siku zote. Mwaka 2020 watalii walipokatika, hoteli zilifungwa na waume na watoto wetu wakarudi nyumbani mikono mitupu, 500 ilikuwa pesa nyingi. Wiki tatu hatukutoa kitu. Tulipowaambia wenzetu, tukitetemeka, wakajibu kuwa wao nao wamefungiwa majumbani, na mmoja wao yuko hospitali na hawaruhusiwi kumuona. Tukamsomea dua, tukamtumia sauti zetu kwa simu. Alikufa. Tukawatumia mkeka wa ukili tulioushona pamoja, na yule bibi akatwambia ameutandika chumbani pale wanapokutana, na hakuna anayeukanyaga na viatu.

Mpaka tunaandika haya, gari la sanduku limeondoka mara 14. Mara moja dereva wote wawili walikuwa harusini, tukapanda gari la mboga. Lakini limeondoka.

Kwako biharusi

Mwanetu, wewe unayepakwa liwa na kufukizwa udi, tuna mawili ya kukwambia.

La kwanza, usiwaache shoga zako mlangoni siku unayoingia ndani. Mume ni vazi lako, Mwenyezi Mungu amdumishe. Lakini vazi moja halimtoshi mtu kwa baridi ya miaka 50. Mwambie mapema, kwa upole, kuwa una siku moja ya wenzako, na siku hiyo mnafanya jambo la maana. Mume muungwana ataona faida yake. Wetu waliokuwa wakinung'unika ndio leo wanaotuuliza, "Jee, sanduku lina kitu?"

La pili, ukiulizwa unahitaji nini, sema. Sema kwa mkweo, sema kwa mumeo, sema kwa mkunga, sema kwa mgeni. Haya ni sehemu ya imani, lakini kunyamaza penye hatari si haya. Sisi tulinyamaza kwa sababu ya vyerehani vinne, na kaburi dogo liko nyuma ya mnazi tunaoupita kila tukienda baharini.

Yule mkaza mwana wa mwenzetu ni mjamzito tena, mwezi wa nane. Jina lake ni la kwanza katika ukurasa mpya wa daftari. Mkoba wake uko tayari: kanga mbili, nguo za mtoto, kadi ya kliniki, na chupa ya chai. Dereva anaweka ufunguo chini ya mto. Bibi wa Uholanzi anatuuliza kila asubuhi, na kila asubuhi tunamjibu kwa neno la Kiswahili alilojifunza: "Bado."

Mtuombee dua. Ya Allah, mfanyie wepesi yeye na kila mwanamke anayeusubiri uchungu usiku, uturuzuku marafiki wa kheri mpaka uzeeni, na uzikubali hizi 500 zetu. Ameen.

Wabillahi tawfiq.